Alama Chini ya Koo

“Mama Ombeni, tangu lini mgonjwa akarudisha bakuli la watu likiwa limejaa?”

Aliyeniuliza hivyo ni jirani yangu Nesta, ambaye hajakaa Tunduma muda mrefu. Alikuwa amesimama mlangoni kwangu, bakuli lenyewe mkononi limefunikwa kwa sahani, mvuke bado unatoka pembeni. Ulikuwa msimu wa baridi, ule upepo wa Tunduma unaopasua midomo, naye alikuwa amepeleka chakula hicho kwa mama Tabita anayeumwa, na sasa anarudi nacho kama alivyokipika.

Kwetu huku chakula cha mgonjwa hakirudi. Hata kama mgonjwa hawezi kula, ataonja kwa ncha ya ulimi, kinachobaki wanakula wa nyumbani, na bakuli linarudi siku nyingine limeoshwa, pengine na maharage kidogo ndani yake. Kumrudishia mtu bakuli limejaa ni kumwambia kwamba huuamini mkono wake. Watu wamewahi kuacha kusalimiana kwa jambo kama hilo. Ndiyo maana Nesta alikuwa karibu kulia.

Nilimvuta ndani nikamkalisha. Akanieleza kwamba alipika papa mkavu kwa karanga, tena alichagua mwenyewe sokoni, akachukua yule laini mwenye alama ili mgonjwa asipate shida ya kutafuna. Kipande cha kooni, ambacho ndicho kitamu, alikiweka juu kabisa. Mama Tabita akafunua, akatazama, kisha akafunika. Akamwambia, nisamehe mwanangu, rudi nacho.

“Na nimemnunua kwenye meza yake mwenyewe,” Nesta akasema. “Kwa Goodness, binti yake. Sasa ananiona mimi mchawi?”

Niliposikia neno hilo la meza yake mwenyewe, moyo ukanishuka. Nilijua mama Tabita amefunua bakuli lile na kuona jambo ambalo binti yake alikuwa akimficha. Nikamweleza Nesta habari yote tangu mwanzo, na kesho yake nikamwomba mama Tabita ruhusa ya kuiandika. Alikubali, akasema tu nisimpambe.

Mama huyu, Tabita kwa jina lake mwenyewe, alizaliwa Itaka, kwenye familia ya kahawa na mahindi kama zetu nyingi za Mbozi. Aliolewa Ruanda, ile ya huko huko Mbozi, na huko mama mkwe wake alikuwa mkunga. Zahanati ilikuwa mbali na njia mbovu wakati wa mvua, kwa hiyo wanawake walijifungulia nyumbani, na mama mkwe alimchukua Tabita awe anamshikia taa na maji. Baada ya muda mikono ya mama mkwe ilianza kutetemeka, kazi ikabaki kwa Tabita. Wapo watu wazima wengi pale Ruanda waliopokelewa na mikono yake. Nesta ni mmoja wao.

Mama mkwe yule alikuwa mpole kwa mambo mengi ila moja. Mtoto ambaye kitovu hakijaanguka na kufunga hatolewi nje, hapelekwi kwa jirani, wala hapewi mgeni kumshika, hata awe bibi yake aliyetoka safari ndefu. Alikuwa akisema mtoto huyo bado hajamaliza kufika, na anayemchukua kwa mama yake wakati huo anamchukua njiani. Tabita aliishika amri hiyo. Aliwahi kumsimamisha mlangoni mkwe wa mtu, mzee wa kanisa, akamwambia akae na zawadi zake mpaka wiki ijayo. Watu walicheka sana, lakini mzee alirudi na zawadi zake wiki iliyofuata.

Baadaye serikali ilipohimiza kina mama wote wajifungulie zahanati, Tabita aliacha ukunga bila kunung’unika. Alisema zahanati ina dawa ya kuzuia damu na yeye hana. Halafu mume wake akafariki, kahawa nayo ikawa haieleweki, na watoto walikuwa bado wadogo. Ndipo akahamia Tunduma kutafuta biashara, na biashara aliyoipata ilikuwa papa.

Msomaji anayekaa mbali anaweza kushangaa papa anatafuta nini huku milimani, ambako wengi wetu tutakufa bila kuiona bahari. Lakini papa aliyetiwa chumvi na kuanikwa haharibiki upesi, na mpakani hapa wanapita watu wa Zambia na wa Kongo wanaompenda kuliko nyama. Mizigo inafika kutoka pwani, inafunguliwa, na harufu yake kali inapanda puani mpaka macho yanatoa machozi. Wengine tulikuwa tukikimbia. Tabita alikaa katikati ya harufu hiyo akaijua biashara yake. Alijua papa hana mfupa, ana kitu laini kama kilichomo sikioni mwa mtu, ndiyo maana ukimpika vizuri unamla wote. Alijua ngozi yake ukiipapasa kutoka kichwani kwenda mkiani ni laini, ukirudisha mkono ni msasa. Alikuwa na taya moja ambalo alilitundika kwa mapambo, na watoto wa sokoni walikuja kutazama jinsi meno yalivyojipanga safu nyuma ya safu, kama malori kwenye foleni ya mpaka: la mbele likiondoka, la nyuma linasogea.

Sasa, kati ya papa waliomfikia walikuwapo wakubwa, wagumu, wanaokatwa kwa shoka, na walikuwapo wadogo, wa kubebwa kwa mkono mmoja. Wale wadogo walipasuliwa mgongoni na kukunjuliwa, tumbo likabaki zima. Tabita alikuwa wa kwanza sokoni kugundua kwamba baadhi ya wadogo hao wana alama chini ya koo, katikati ya mapezi mawili ya mbele, kama mchano mdogo wa kisu. Akaona pia kwamba wenye alama ndio laini kuliko wote. Akawaza kwamba ni aina ndogo ya papa ambayo haikui, kama usipa wa Ziwa Nyasa walivyo wadogo maisha yao yote, na kwamba mchano ule ni mahali ndoano ilipowashika.

Basi akawafundisha wateja. Alimshika mteja kidole gumba, akakipeleka chini ya koo la papa, akamwambia sikia hapo, huyo ndiye laini. Habari ikaenea. Wanawake kutoka Nakonde, ng’ambo ya mpaka, walikuwa wakifika, wanamwita mama kwa lugha yao na kuuliza, “Bamayo, wa alama wapo?” Wauzaji wengine wakaiga. Kwa simu, Tabita akawa anamwambia mtu wake wa pwani amletee wenye alama zaidi, na yule mtu, mzee Shaweji wa kijiji kimoja upande wa Kilwa, alimletea. Walifanya biashara miaka mingi bila kuonana, wakitakiana heri za Krismasi na za Idi, na hawakudhulumiana hata siku moja. Kwa alama hiyo watoto wa Tabita walisoma, na nyumba anayoumwa ndani yake leo ilijengwa kwa alama hiyo.

Mzee Shaweji alipofariki, Tabita alisema hawezi kumpa pole mjane kwa simu. Kwetu mtu uliyekula naye hazikwi bila wewe kufika, hata ukichelewa. Akafunga maharage mazuri ya Mbozi, akaenda. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufika pwani, na umri ulikuwa umeshaenda.

Mjane, Bi Somoe, alikuwa amekaa eda, hatoki nje. Alimpokea Tabita chumbani wakalia pamoja, mmoja akiomba kwa dini yake na mwingine kwa yake. Kesho yake asubuhi Tabita akaomba aonyeshwe mahali marehemu alipokuwa akifanyia kazi, maana alitaka kuwaambia watu wa Tunduma kwamba amepaona. Mtoto wa nyumbani akampeleka ufukweni, akamwacha kwenye kikundi cha watu waliozunguka papa mkubwa aliyetoka kuvuliwa, mwenye kichwa kipana kama nyundo. Tabita aliniambia kwamba alimtazama macho yake, moja huku na moja kule mwisho wa nyundo ile, akamhurumia bila kujua kwa nini. Alikuwa mkubwa kuliko mtu, na tumbo lilikuwa limejaa.

Mpasuaji akapitisha kisu tumboni. Tabita alidhani ataona samaki waliomezwa. Wakatoka wadogo, mmoja baada ya mwingine, wamekamilika, vichwa vyao vya nyundo vimekunjwa kidogo pembeni kama masikio ya mbuzi aliyezaliwa sasa hivi. Na kila mmoja alikuwa na kamba.

Hakuhitaji kuambiwa. Kamba ile alikuwa ameishika maisha yake yote. Mpasuaji alikuwa akimshika mdogo, anaivuta kamba inakatika, anamtupa kwenye beseni, anachukua mwingine. Tabita akainama akachukua mmoja. Akamgeuza. Kamba haikutoka tumboni kama kwetu, ilitokea juu zaidi, katikati ya mapezi mawili ya mbele, chini ya koo. Ilipokatika ikabaki nafasi kama mchano mdogo wa kisu.

Akaweka kidole gumba pale. Kidole kilipafahamu.

Aliniambia watu wale waliendelea kuzungumza na yeye hakusikia kitu. Kisha yule mdogo mkononi mwake akajipinda. Alikuwa hai. Tabita hakumwomba mtu ruhusa. Alitembea na viatu vyake na kitenge chake mpaka ndani ya maji, yeye ambaye hata Mto Songwe alikuwa akiuogopa, akamshusha yule mtoto taratibu, mkono mmoja chini ya tumbo. Nyuma yake watu walikuwa wakicheka. Mmoja akasema kwa sauti, “Mama wa bara amezalisha papa, atatudai kanga ya mkunga sasa.” Mdogo alilala juu ya kiganja chake akifungua na kufunga mashavu, halafu mkia ukapiga mara moja, ngozi ikamkwaruza kidogo, na mkono ukabaki na maji. Hakujua ameenda wapi wala kama ameishi. Alirudi ufukweni, akaosha mikono kwa mchanga jinsi alivyokuwa akiosha baada ya kuzalisha, akarudi kwa Bi Somoe.

Mazungumzo ya chumba kile alinisimulia zaidi ya mara moja, na kila mara kwa maneno yale yale. Alimwuliza Bi Somoe ile alama ni nini, ingawa alikuwa anajua.

“Kitovu,” Bi Somoe akasema. “Akizaliwa kinakaa wiki chache ndiyo kifunge. Kwani ninyi hamkujua?”

“Tulidhani ni aina ndogo. Kama usipa.”

“Papa hana usipa, dada yangu. Papa mdogo ni mtoto.”

 Kisha Bi Somoe, kwa upole kabisa, akamwambia kwamba wao walidhani watu wa Tunduma wanajua wanachoagiza. Walisema watu wa bara wana mapenzi yao, wengine wanapenda ndama, hawa wanapenda papa ambaye kitovu hakijafunga. Marehemu mwanzoni alikuwa akivua wakubwa huko kwenye maji marefu. Maagizo ya wenye alama yalipozidi, akaanza kuweka nyavu karibu na mikoko, kwenye maji mafupi, na wenzake wakafuata, maana huko ndiko mama zao wanakokuja kuzaa.

Na akamweleza mengine ambayo mumewe alikuwa akiyasema wakiwa wanakula. Kwamba si papa wote wanaozaa hivyo, wapo wanaotaga yai gumu kama mfuko wa ngozi na kulifunga kwenye majani ya chini ya bahari. Lakini huyu wa nyundo hubeba mimba karibu mwaka mzima, na akishazaa hachukui nyingine upesi. Mama akikaribia anaacha maji marefu anakuja mahali pafupi, kwa sababu huko wakubwa hawapendi kufika, na papa mkubwa hachagui, hata mtoto wa aina yake anamla. Anazaa, anaondoka. Hanyonyeshi, halindi, hageuki nyuma. Mtoto anaanza maisha peke yake na meno yake mdomoni na mafuta kidogo kwenye ini aliyopewa na mama, yamtunze mpaka ajue kuwinda. Wengi hawafiki. Anayebaki anajifunza kwa kile kichwa chake, anakipitisha juu ya mchanga kama wale vijana wetu wanaotafuta dhahabu kwa mashine, akisikia samaki aliyejifukia chini bila kumwona. Akikomaa ndipo anakwenda kilindini.

“Na anakomaa lini?” Tabita akauliza.

Bi Somoe akafikiri namna ya kumwambia. Akasema binti yako akianza darasa la kwanza leo, papa aliyezaliwa leo atakuja kuzaa binti yako akiwa ameshaolewa.

Tabita alirudi Tunduma akiwa mtu mwingine. Alikuwa na mzigo mpya ambao Goodness aliupokea yeye akiwa safarini, akaketi sakafuni akawapapasa mmoja mmoja. Wenye alama akawaweka upande. Upande ule ukawa mkubwa kuliko mwingine. Goodness alikuwa amesimama akitazama, yeye ndiye aliyemsaidia mama yake mezani tangu alipomaliza shule, na alikuwa na watoto wake wa kulisha. Akamwambia mama yake kwamba hawa wameshakufa, ukiwatupa hawatarudi baharini.

“Wamekufa, ni kweli,” Tabita akasema. “Lakini tukiuza hawa wataleta wengine.”

Akawagawa kwa watu wasiojiweza, wakaliwa na kwisha, asiagize tena. Pwani aliwapigia akasema anataka wakubwa waliokwisha kukomaa na kuzaa, na akiwakosa basi. Wateja walipofika na kidole gumba mbele, aliwaambia hana wa alama na akawaeleza ni nini. Wengine walishtuka. Wengine waliona kama ni maneno ya dini. Mwanamke mmoja wa Nakonde, mteja wake wa siku nyingi, alimjibu, “Bamayo, papa anakula watu, wewe unamlilia mtoto wake?” Tabita akamwambia kwamba papa wengi hawana habari na watu, na hata huyo mkali, mtoto wake anazaliwa bila mtu. Yule mama akacheka, akaenda kununua kwenye meza ya pili. Na wengi walienda meza ya pili, na wakifika huko walikuwa wakitumia kidole kile kile alichowafundisha yeye.

Hilo ndilo lililomuumiza. Siku moja tukitoka ibadani aliniambia kwamba anaweza kuacha kuuza, lakini hawezi kuwaondolea watu kidole. Mimi nikamwambia Mungu anaona nia. Akasema, “Anaona, Mama Ombeni. Na papa wale nao anawaona.” 

Meza ikapungua. Wakubwa walikuja mara chache, kwa sababu wakubwa wenyewe wamekuwa wachache. Tabita akaongeza dagaa na usipa wa ziwani, akawa anachekwa na wenzake kwamba ameshuka daraja. Alivumilia hivyo karibu miaka mitatu. Kisha akapigwa kiharusi, akiwa anafagia uani. Upande wa kulia ukalala, na mkono wa kulia ndio ule uliopokea watoto wa Ruanda. Goodness akachukua meza peke yake. Akamwambia mama yake asiwaze kitu, mambo yataenda kama alivyoyaacha.

Mpaka bakuli la Nesta lilipofunuliwa.

Nesta aliposikia habari hii yote alikaa akilitazama bakuli. Chakula kilikuwa kimepoa na karanga zimeganda juu. Akauliza kwa sauti ndogo yeye amekula wangapi. Nikamwambia wote tumekula, mimi pia, na hakuna aliyekuwa anajua. Tukakubaliana twende pamoja kesho yake kumwona mgonjwa, na Nesta akasema safari hii anapeleka uji wa ulezi.

Tulimkuta mama Tabita amekalishwa kwenye kiti, jua la alasiri likimpiga miguuni, mkono wa kulia umelazwa pajani kama kitu alichopewa amshikie mtu. Aliupokea uji kwa mkono wa kushoto, akaonja, akameza, akasema umemfaa. Nesta akaanza kulia wakati ule ule, akaomba msamaha. Mama Tabita akamwambia anayepaswa kuomba msamaha hapa ni yeye mwenyewe, maana alirudisha bakuli la mtoto aliyemfunga kitovu kwa mkono wake.

Goodness akaingia kutoka sokoni na tenga lake. Alipotuona tumekaa hivyo alielewa. Hakujitetea kwa makelele. Alitua tenga, akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, akasema mwaka huu karo za sekondari zimemwelemea, dawa za mama nazo ziko pale pale, na mteja akifika anapapasa koo kabla hata hajasalimia. Asipomkuta wa alama anaondoka.

“Sikutaka ujue ukiwa umelala hivi,” akamwambia mama yake. “Nilitaka upone kwanza.”

Mama Tabita hakumkaripia. Alimwuliza kama amekula. Kisha akamwomba amletee mmoja kutoka kwenye tenga. Goodness akasita, akatazama chini, akaenda akamtoa mdogo mmoja mkavu, amekunjuliwa, mweupe kwa chumvi. Mama Tabita akamlaza mapajani juu ya ule mkono usiofanya kazi. Akamwita Nesta asogee, akamshika kidole gumba kwa mkono wa kushoto, akakipeleka chini ya koo, katikati ya mapezi, kama alivyokuwa akiwafanyia wateja wake zamani.

“Unasikia?”

“Nasikia, mama.”

“Hapo ndipo mama yake alipomshikia.”

Nesta hakuondoa kidole haraka. Mimi nilisogea nikapapasa pia, ingawa nilikuwa nimewapapasa wengi maishani nikitafuta ulaini. Safari hii nilisikia kingo mbili ndogo ambazo hazijakutana. Nikawaza juu ya mtoto aliyefika na kamba yake imetoka kukatika, hajamaliza hata kufunga, akapita baharini siku chache tu, na alama ya kuwa alikuwa na mama ndiyo iliyomfanya achaguliwe kati ya wengine. Nikaomba moyoni. Sikujua niombe nini hasa, nikamtaja Mungu tu.

 Goodness akasema mama, kama ni kuacha peke yangu nitaacha, lakini meza ya pili haitaacha, wala ya tatu. Wateja tumewafundisha sisi. Tutawaambia nini sasa, watoe vidole?

 Mdomo wa mama Tabita upande mmoja hauinuki vizuri, kwa hiyo siku hizi anaongea polepole na anachagua maneno. Akasema vidole wasitoe. Akatutazama, kwanza binti yake, halafu Nesta, halafu mimi, akaniambia kama kweli nataka kuandika habari zake basi niandike hili, na nisiliongezee kitu:

“Mkienda sokoni, mpapaseni papa chini ya koo kama nilivyowafundisha. Mkikuta kitovu chake hakijafunga, mwacheni mezani, hata kama meza ni ya mwanangu.”